Kamera Iliyoshushwa Duarani

Watu wa Kalangalala wana maneno, na wengi huja kuyamwaga dukani kwangu, maana fundi cherehani hafukuzi mteja. Ndiyo sababu nilikuwa wa kwanza kusikia kwamba Wilbard, mume wa Coletha mpiga picha, hakufa. Kaonekana mji wa Mhunze, wakasema, kanenepa, yuko na mwanamke muuza mitumba. Aliyeniletea habari hiyo nilikuwa nampima kiuno, naye aliisema kwa raha, kama mtu anayetafuna karanga. Nilimchoma kwa pini. Nilimwomba radhi, lakini sikujuta.

Studio ya Coletha na duka langu vinagawana ukuta na baraza. Yeye ni Mkatoliki wa Bukombe, mimi ni Mwislamu wa hapa hapa mjini, babu yangu alikuja na biashara ya chumvi. Tumekula pamoja Krismasi na Idi hadi watoto wetu hawajui sikukuu ipi ni ya nani. Upigaji picha alijifunza parokiani, kwa sista mmoja aliyekuwa akipiga picha za komunio ya kwanza. Alipohamia Geita alianza na pasipoti, kisha mahafali, kisha harusi. Ana sauti ya kuamrisha: kaa wima, funga mdomo, tazama hapa. Wakuu wa idara na wachoma mkaa wote humtii.

Wilbard ndiye hakumtii. Alikuja kupiga picha ya kitambulisho cha uchimbaji, na kila alipoambiwa afunge mdomo alicheka. Coletha alirudia na kurudia, mwishowe akamfukuza. Kesho yake akarudi na mahindi ya kuchoma. Nilimwambia Coletha huyu hatafuti kitambulisho, naye akaniambia nishone nguo zangu. Mwaka uliofuata nilimshonea gauni la harusi.

Alikuwa mume mwema kadiri mchimbaji anavyoweza kuwa. Nasema hivyo kwa sababu wachimbaji wana tabia moja inayowatesa wake zao. Wakisikia dhahabu imelipuka mahali, mtu huondoka bila kuaga, asije mwenzake akamtangulia. Wilbard aliwahi kufanya hivyo. Alipotea miezi kadhaa, simu haipatikani, kisha akatokea na shuka mbili mpya na pikipiki ya kuazima, anacheka. Coletha alimpiga kwa shuka hizo hizo.

Basi mvua za mwezi wa tatu zilipopiga, maji yaliyojaa kwenye shimo la zamani yalitoboa ukuta na kuingia katika duara la kina Wilbard, kule machimbo madogo upande wa Bugarama. Duara ndilo shimo lenyewe la kushukia, lina upana wa kitanda tu, na kuta zake zimeshikiliwa na magogo wanayoyaita matimba. Waliokuwa chini wakapanda kwa kamba na kwa kucha. Walipohesabiana, Wilbard hakuwepo. Nestory, rafiki yake aliyekuwa akishika kamba juu, alisema Wilbard alikuwa amepanda kwenda kula. Kama alirudi chini, hakumwona. Mmoja akasema alirudi, mwingine akaapa hakurudi. Kesho yake Coletha alipopiga simu ya mumewe iliita. Iliita mara moja, hadi mwisho, haikupokelewa. Baada ya hapo haikupatikana tena, nasi hatukujua kama aliiacha juu au alikuwa nayo.

Wazamiaji waliletwa. Walishuka hadi mahali matimba yalipobomoka, wakarudi wakisema uwazi uliobaki unapitisha ndoo, haupitishi mtu. Pampu nazo zilizimwa, kwani maji yalipopungua kuta zilianza kumeguka.

Ukoo wa Wilbard, kule Ushirombo, ukakaa kikao. Asiyepatikana mwili wake, kwao huzikwa mgomba: hukatwa, huvishwa sanda, huliliwa, hufukiwa, na matanga huisha. Wazee walishachagua hadi mgomba wenyewe. Mama yake Wilbard, Bibi Limi, ni mwanamke mdogo wa umbo anayeongea polepole. Alisimama katikati ya wanaume.

"Mimi sikuzaa mgomba," alisema. "Nileteeni mwanangu, au nionyesheni alipo."

Kikao kikavunjika. Coletha akabaki si mjane, si mke. Nguo nyeusi hakuvaa, ndoto za mumewe hakuziacha. Jumatatu moja alikuja dukani, akakaa juu ya majora ya vitambaa.

"Mama Yasini, uwazi unapitisha ndoo."

"Nimesikia."

"Kamera inapita."

Niliacha kukanyaga cherehani. Nilidhani huzuni imemgusa akili, nikamwambia kwa upole, mdogo wangu, hata ukimwona, utamtoa vipi? Alinitazama kama mtu aliyechoka kueleza.

"Sitaki kumwona. Kila mtu anadhani natafuta maiti. Mimi natafuta shimo tupu. Nikilikuta tupu, yuko Mhunze, na anenepe anavyotaka."

Nimeona wanawake wakiwaombea waume zao mengi. Hilo la kuombea mume awe mzinzi sikuwahi kulisikia, na nililielewa papo hapo.

Ndipo ukaanza uchaguzi wa kamera, na mimi niliyekuwa sijui kamera, leo naweza kukuuzia moja. Vijana wa stendi walimshauri aifunge simu kwenye mfuko wa plastiki. Aliijaribu katika ndoo: kioo cha simu kikigusana na maji hakisikii kidole, na huko chini maji yangeuminya mfuko mpaka uvuje. Mwingine akamletea kamera ile ndogo wanayofunga kwenye kofia ya pikipiki. Ni imara, alisema Coletha, lakini gizani inaona chengachenga, na watu wa pembeni inawapinda kama maharage. Kamera yake ya harusi ilikuwa na jicho zuri, ila kasha la kuizuia maji lingekuwa kubwa kama kreti ya soda, lisingepita. Alitaka kamera ndogo ya kukaa mkononi, inayoona vizuri penye giza, inayoweza kupangwa ijipige yenyewe kila baada ya muda. Na alitaka inayoona kwa upana badala ya inayovuta mbali, kwa sababu kwenye maji machafu unapaswa kusogelea kitu, siyo kukivuta.

Kasha ndilo lililomnyima usingizi. Kamera nyingine huandikwa kwamba zinahimili maji zenyewe, lakini ni ya kina cha kuogelea, na duara lilikuwa na maji ya mita thelathini. Kila kasha hutengenezewa kamera moja tu. Ukikosea aina, kitufe cha nje hakikuti kitufe cha ndani, umenunua sufuria. Tulikwenda Mwanza kwa muuzaji mmoja, Charles, kijana mpole anayeuza vifaa kwa wanaochunguza samaki ziwani. Alituwekea makasha mawili mezani, moja la chuma, moja la plastiki ngumu inayoonyesha ndani.

"La chuma linadumu, mama. Unakwenda kupiga picha samaki Zanzibar?"

"Nakwenda Bugarama."

Alicheka. Kisha akamwangalia usoni, akaacha. Coletha akachukua la plastiki, la kuhimili mita arobaini, kwa sababu tone likiingia angeliona, na picha angezitazama bila kulifungua. Ili kulipata, pamoja na kamera ndogo inayolingana nalo, aliiacha pale kamera yake ya harusi. Njiani kurudi Geita aliiweka mikono mitupu mapajani, na nilitamani kumkamata huyo Wilbard popote alipo nimzabe kofi.

Nyuma ya duka kuna pipa la maji ya mvua. Alifunga kasha likiwa tupu, ndani kaweka karatasi ya chooni, juu kalifungia jiwe, akalizamisha tangu asubuhi hadi adhuhuri. Karatasi ilitoka kavu. Kabla ya kufunga tena aliufuta ule mpira mwembamba wa mlangoni, akaupaka mafuta yake, akaukagua kwa kidole. Unywele mmoja tu, alisema, unatosha kuingiza maji yote. Fundi wa kuchomelea akamtengenezea mikono miwili ya chuma, tochi moja huku, moja kule, mbali na jicho la kamera. Taa ikikaa karibu na jicho, matope yote yanang'aa, kama taa za gari kwenye vumbi la barabara ya Katoro. Alipiga picha ya kijiko kilichozama pipani, tukakiona hadi mikwaruzo yake. Nilipiga vigelegele kama mjinga. Yeye alikaa chini.

"Inaona," alisema. "Sasa naogopa."

Tulikwenda watatu: yeye, mimi, na Bibi Limi aliyepanda basi kutoka Ushirombo na rozari shingoni. Hatukufika ukingoni. Wachimbaji wana mwiko, mwanamke hasogelei mdomo wa duara, dhahabu hukimbia. Tulisimamishwa kwenye turubai, Nestory akaja kulichukua kasha. Alikuwa amekonda. Alimwamkia Bibi Limi akiwa amepiga magoti, naye akamwitikia bila kinyongo. Coletha akamfundisha: shusha taratibu, ukiona kamba imelegea, umefika. Subiri. Usivute hadi nikuambie.

Alishusha. Tulimwona mgongo tu na mikono ikiachia kamba. Kisha mikono ikasita, na Nestory akapiga ukelele, akaanza kuvuta kwa nguvu zake zote, mkono juu ya mkono. Wengine wakamkimbilia, nao wakashika. Kasha likatoka likigonga magogo, na Nestory akaanguka nalo akilia kwa sauti.

"Imevutwa! Imevutwa mara mbili, wallahi imevutwa!"

Chini ya duara hakuna anayesikia kelele za aliye juu, kwa hiyo huzungumza kwa kamba. Ukivuta mara mbili, maana yake nipandisheni. Mchimbaji anafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kushika sururu: kamba ikivutwa, usifikiri, pandisha. Kasha lilikuwa limenasa kwenye gogo na kujinasua, likanasa tena. Nestory alilijua hilo kama sisi sote. Mikono yake haikulijua.

Kamera ilikuwa imepiga matimba ya juu tu. Nestory akasema atarudia, akarudia, na safari ile pia mikono ikamsaliti. Wa tatu alikuwa mwingine, jitu la miraba minne, naye akavuta. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuisikia kamba ile ikitikisika kutoka kwa Wilbard akaacha kuipandisha. Wanaume wazima walisimama pale wakijifuta pua kwa mashati, na hasira yangu niliyokuja nayo juu yao ikaniishia.

Coletha akavua viatu.

"Mimi sijafundishwa kamba," alisema. "Nipisheni."

Walimtazama msimamizi wao, mzee Otmar. Yeye akatazama maji.

"Duara hili limeshakufa," alisema. "Mwiko wa nini tena? Mpisheni mama."

Alipiga magoti ukingoni, akashusha. Niliona kamba ikishtuka mikononi mwake, mara moja, mara mbili. Alifumba macho, hakuvuta. Akaitingisha ikanasuka, akaendelea kuachia, midomo ikisema jambo nisilolisikia. Kamba ikalegea. Alisubiri. Bibi Limi alikuwa akisali Salamu Maria, nami nikasoma Fatiha, kila mmoja kwa upande wake, mpaka Coletha mwenyewe akaanza kuvuta.

Alilifuta kasha kwa khanga, akakaa chini ya turubai, akajifunika khanga hiyo kichwani ili auone mwanga wa kioo. Akatuingiza ndani yake, mimi kushoto, mkwewe kulia. Matimba. Matope. Matimba yaliyovunjika. Uwazi. Kisha maji yakawa safi kuliko nilivyodhani, na ukuta, na chini ya ukuta mtu amekaa. Gogo lilikuwa limemlalia mapajani. Mgongo kauegemeza, kichwa kakiinua kidogo kuelekea juu, mikono imekaa magotini. Sura sitaisema. Coletha hakuihitaji.

"Ndivyo anavyokaa," alisema. "Jumapili, barazani kwetu. Anaponisubiri nifunge tuondoke."

Yule mtu alikuwa amekaa akisubiri kupandishwa.

Bibi Limi aliigusa plastiki kwa ncha ya kidole. Kisha akatoka chini ya khanga, akasimama, akawaambia wanaume wote kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake:

"Mwanangu hakukimbia! Mmesikia? Walisema kakimbia watoto wake, walisema kachukuliwa na mwanamke. Mwanangu yuko kazini kwake! Asante Mungu, mwanangu hakukimbia!"

Akaanza wimbo wa kanisani, na wachimbaji wakavua kofia na kuuitikia. Mzee Otmar akasema wataita padre, asome misa hapo hapo, na duara lifukiwe liwe kaburi lake. Yote yalikuwa yamekwisha vizuri, kwa jinsi watu wanavyohesabu mambo. Kuna kaburi, kuna heshima, mgomba umebaki shambani.

Coletha alikuwa bado amekaa na khanga kichwani, kasha kalikumbatia kifuani, maji yanamchuruzika gaunini. Bibi Limi akamrudia, akachuchumaa mbele yake, akamwita mama kwa kilugha chao.

"Imba, mayu. Mumeo alikuwa mwaminifu."

"Sikutaka mwaminifu, mama," alisema Coletha, na sauti yake ya kuamrisha haikuwepo. "Nisamehe. Kila usiku nilimwomba Mungu nimkute kwa mwanamke mwingine. Ningekwenda Mhunze nikamtukana mbele za watu, nikarudi zangu nyumbani nalia. Naye angekuwa huko, anakula."

Nilidhani bibi atamkemea. Alibaki amechuchumaa, anamtazama, na nyuma yake wanaume wakiendelea kuimba. Halafu uso wake wote ukavunjika, akamshika Coletha kichwa kwa mikono miwili akakilaza begani pake.

"Hata mimi, mayu," alisema. "Hata mimi."