Ubuyu Mdomoni mwa Mwalimu

Sisi walimu wa Mombasa tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kunyamaza. Mwalimu huuliza, "Tatu na nne ni sa...?" na darasa zima humalizia, "...ba!" Kelele hufika hadi Makadara, mwalimu akaridhika, na hakuna ajuaye ni nani aliyeelewa na ni nani aliyefuata mkumbo.

Kazi yangu ni kuwapa walimu wa msingi mbinu za kufundisha hisabati zilizochunguzwa na watafiti. Niipendayo kuliko zote ni nyepesi kuisema: uliza, nyamaza, mwache mtoto afikiri, na akikosea, kwanza aeleze alivyofikiri. Kuitenda ndiyo kazi. Walimu wa kikundi changu cha Mji wa Kale waliniambia waziwazi kwamba darasa likiwa kimya, mwalimu mkuu atadhani hamna mwalimu ndani.

Aliyejitolea kuijaribu mbele ya wenzake alikuwa mwalimu aliyenifundisha mimi mwenyewe utotoni. Wote walimheshimu. Angefaulu, wangemfuata, angeshindwa, basi tena.

"Mwanangu," aliniambia mlangoni, "nikipwelewa leo, hawa huwaoni tena. Nami sitakuwa na uso wa kuwatazama."

"Inshallah hutapwelewa, Mwalimu," nilimjibu.

Wenzake walikaa nyuma ya darasa, nami kando yao. Juu ya meza aliweka mikate miwili ya sinia, sawa kwa ukubwa, bado haijakatwa, akaifunika kwa kawa. Kisha akawauliza watoto, "Mkate huu nikiukata theluthi, na huu robo, kipande kipi kikubwa?"

"Robo!" darasa likanguruma.

Niliona midomo yake ikijiandaa kwa ile "siyo robo, ni thelu...". Akaikaza. Akafungua mkoba, akatoa pakiti ya ubuyu, akatia kokwa moja mdomoni na kuanza kumumunya. Watoto wakatoa macho. Hawajapata kumwona mwalimu amenyamaza, sembuse anakula.

Msichana mmoja akainua mkono. "Robo ni kubwa kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu."

Mwalimu akamwashiria kwa kichwa aendelee, akamumunya. Mimi ndiye niliyeshindwa. Nilikwisha inuka kitini nimsahihishe mtoto, mimi mkufunzi mzima, Mwalimu aliponijia bila neno na kunitia ubuyu kiganjani. Walimu wakaangua kicheko. Nikala, nikakaa.

Msichana alikuwa bado amesimama, kakunja uso, anaitazama kawa. "Mwalimu, huu watakula watu watatu, na huu wanne?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Basi mimi nataka kukaa na wale watatu."

"Kwa nini?" Mwalimu aliuliza hatimaye, midomo myekundu kama ya bibi harusi.

"Watu wakizidi, kipande kinapungua. Theluthi ndiyo kubwa. Mwanzo nilitazama nambari, sikuutazama mkate."

Nimesoma mengi kuhusu kimya hicho na kukihubiri shule nyingi, lakini kukiona kikizaa wazo mbele ya macho yangu kulinipa furaha niliyotaka kuipigia vigelegele. Ubuyu ulinizuia.

Watoto walipokwisha kugawana mkate mmoja na kwenda nyumbani, mwalimu aliyekuwa akinipinga kuliko wote alinyoosha mkono. "Lete na mimi huo ubuyu, kesho nina darasa la tano." Pakiti ikapita kwa kila mmoja, ikarudi tupu.

Mwalimu wangu hakushughulika nao. Alivuta kiti akaketi karibu yangu.

"Nawe," akauliza polepole, "nilipokuwa nikikufundisha, uliwahi kunieleza jambo hata mara moja?"

"La, Mwalimu. Nilikuwa nikikumalizia maneno tu."

Alinyamaza kitambo, na safari hii hakuwa na kitu mdomoni. Kisha akanisogezea mkate uliobaki, na kisu.

"Haya, nieleze," akasema. "Nakusikiliza."