Njia Tatu za Mzee Nampemba

Siku yenyewe naikumbuka, mwanangu, ingawa hadi leo sijaielewa vizuri. Ilikuwa Temeke, alasiri, uani kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, miaka ile ya Ujamaa tulipokuwa tukiulizana kila mtu anakula jasho la nani. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimerudi likizo na daftari kwapani, nahoji kila kitu. Hata swala ya baba yangu niliihoji, Mungu anisamehe.

Jirani yetu Mzee Nampemba alikuwa amefanya biashara ya ngozi za porini tangu enzi za Mjerumani: chui, mbega, fisi maji. Alitoka Lindi kwa miguu akiwa kijana, akaingia mapori ambayo, kwa maneno yake, ramani ya Mzungu iliyaacha meupe. Likizo nzima niliketi naye barazani, yeye akisimulia, mimi nikiandika. Alinieleza namna ya kuwamba ngozi isijikunje, na namna ya kuitambua kwa harufu ngozi iliyokauka juu juu tu. Nilimpenda yule mzee. Niseme hivyo mapema, usije ukadhani nilikuwa na kinyongo naye.

Tatizo ni kwamba njia yake ya kuingia porini haikutulia mahali pamoja. Mara ya kwanza ilianzia Liwale, na aliyemwonyesha alikuwa mwanamke mrina asali. Wiki ya pili ikaanzia Mahenge, na kiongozi akawa mzee mwenye jicho moja. Mara ya tatu walikuwa ndugu wawili, ng'ambo ya mto Kilombero. Nikaanza kupiga mistari myekundu daftarini. Ukweli, nilidhani, hauwezi kuwa na milango mitatu.

Sasa siku hiyo mjumbe alikuwa akiandika orodha ya watu wa kupelekwa vijijini kulima. Wazee waliochuma kwa jasho lao aliweza kuwaacha wapumzike. Wazururaji na wanyonyaji, hapana. Mzee Nampemba alikuwa mjane, hana cheti wala shamba. Alichokuwa nacho duniani ni chumba chake na sisi majirani.

"Mchuuzi wa ngozi ni kupe tu," mtu mmoja akasema. "Walitoboka miguu wengine wakiwinda, yeye akauza."

"Msomi wetu si huyu hapa?" akajibu Mama Zuhura, muuza vitumbua. "Likizo nzima anamkamua mzee wa watu kama ng'ombe. Atuambie yeye kama mzee alitoka jasho."

Nikasimama. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, na wangu ulikuwa umesoma.

"Ndugu mjumbe, mzee amenipa habari tatu, na hazipatani."

"Ipi ya kweli?"

"Sijui. Pengine zote uongo."

Watu wakaguna. Mjumbe akamgeukia mzee kwa upole. "Babu, tusaidie. Hao uliokuwa ukienda kwao ni nani, na wanakaa wapi, watushuhudie jasho lako?"

Mzee akanitazama mimi kwanza, kisha akamwambia mjumbe, "Andika jina langu, mjukuu wangu." Likaandikwa.

Siku ya kuondoka nilimbebea mkeka hadi kwenye lori. Nilikusudia kumwomba radhi. Badala yake nikauliza swali, ndivyo nilivyokuwa. "Babu, kwa nini hukusema?"

Akapandisha mkono wa kanzu, akanionyesha chale za zamani. "Nilichanjiana na mwenye pori. Damu yake mie ninayo. Niliapa kwamba mahali pake hapatatoka kinywani mwangu. Bwana nyama wa serikali, mlinzi wa wanyama, alikuwa akifunga watu kwa ngozi moja ya chui, na wajukuu wa ndugu yangu huyo wa damu wako kule kule hadi leo."

"Basi kwa nini ulinisimulia?"

Akacheka kidogo. "Upweke, mjukuu wangu. Nikakupa pori, nikakuficha mlango. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mie nilipokuwa mgeni, mwenyeji wangu alipona. Wewe umekuja barazani kwangu, umekunywa chai yangu. Mbona mie sijapona?"

Nikampandishia mkeka wake. Lori likaondoka. Alifia huko kijijini kabla sijamaliza chuo.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Nimesoma mengi tangu wakati huo, na yule mdudu wa kuhoji hakufa. Siku nyingine huwaza: je, na chale zile zilikuwa hadithi ya nne? Pengine alinidanganya tena ili nimhurumie. Pengine yule mrina asali ndiye mwenye pori. Sijui, na hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba mimi nilikuwa na shaka tu, nikaisimamisha mbele ya watu kama ushahidi, na mzee akapoteza kwake.

Mwanangu, uliza. Kuuliza si ujinga, na sitakuomba uache. Lakini habari za mtu zisipopatana, mrudie mwenyewe kwanza, mkiwa wawili, kabla hujazipeleka penye kalamu na orodha. Ukiitwa kusema, sema unalolijua kwa yakini. La shaka lifungie moyoni, liive. Na mtu akikaa kimya ilhali kimya hicho kinamuumiza yeye mwenyewe, jiulize anamkinga nani.

Mungu akupe masikio yenye subira na ulimi mzito kidogo. Wazee wakuamini, na umri wako uwe mrefu kuliko mashaka yako. Amina.