Sahani ya Kyungu: afya tuliyofundishwa bwenini Kamina, na ile tuliyokuja nayo kutoka nyumbani

Wakuu, amani kwenu. Shikamoo zenu nazipokea kwa jumla, maana kwa umri wangu sidhani humu yupo wa kunizidi.

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili. Mwenye kubisha abishe, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Na Kiswahili changu msikicheke. Kilizaliwa Katanga, kikaenda kupigwa pasi Kigoma miaka mingi, na mikunjo mingine imegoma kutoka.

Kilichonichokoza ni mjukuu wangu wa kike, yuko chuo hapa Lubumbashi. Juzi kaniletea tangazo la kikundi chao cha wellness. Kunywa maji, lala mapema, kula matunda, fanya mazoezi.

Akaniuliza mimi babu yake, "Nkambo, zamani mulikuwaka na hizi mambo?"

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Hizi mambo! Mimi mwenyewe nilikuwa chef wake, mkubwa wake!

Sasa twendeni Kamina, miaka ya hamsini, Mbelgiji bado yupo.

Mimi ni wa Kaniama, nilikuwa nasomea ualimu kwenye shule ya misioni, tunalala hapo hapo. Wakanichagua chef d'hygiène, yaani msimamizi wa usafi na afya wa bweni zima. Jamani, nilijiona! Kucha nakagua mimi, kinini cha malaria nagawa mimi, na ole wako ukikificha chini ya ulimi.

Asubuhi za kipwa, ule ukame wenye baridi, tunafanya gymnastique, mazoezi ya viungo, kifua wazi. Huku treni za stesheni zinapiga honi, moshi wa makaa unatufikia mpaka uwanjani. Hadi leo nikisikia harufu ya makaa ya mawe, moyo wangu unarudi Kamina. Nilipapenda mahali pale, wakuu, sina namna nyingine ya kusema.

Kitanda cha pili kutoka changu alilala kijana wa Mulongo, kule kwenye mabwawa ya samaki. Jina lake Kabange.

Hapa nisimame kidogo kwa wasiotujua. Kwetu Baluba, ukisikia Kabange hauulizi, unajua ni pacha. Aliyetangulia kutoka ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Na pacha hapewi kitu peke yake. Nguo mbili, samaki wawili, hata kofi likipigwa huku, na kule linaenda. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, umewatukana wote wawili na mama yao.

Kyungu hakupita mtihani wa kuingia. Alibaki Mulongo na nyavu za baba yao.

Siku ya kugawiwa nguo, Kabange alipokea shati, akasimama pale pale.

"Na ya Kyungu?"

Mtunza stoo akamwambia, "Mwanafunzi mumoja, shati moja. Pita."

Sisi Baluba wote kwenye mstari tulimwelewa. Nani alisema neno? Hakuna. Tulikuwa tumeambiwa mambo ya mapacha ni ya kipagani, yaachwe nje ya geti. Na kila mmoja wetu alitaka aonekane mtu aliyestaarabika.

Basi Kabange akaanza kuisha.

Réfectoire yetu, ukumbi wa kulia, ilikuwa kila mtu na sahani yake na uma wake, kimya. Bukari ya moto, ndiyo ugali wenu, sombe ya majani ya muhogo, siku nyingine makayabu, ile samaki ya chumvi. Yeye anatazama tu. Anamega kidogo, anasukuma. Mbavu zikaanza kuonekana kwenye gymnastique. Usiku analala, malaria hana, tumbo haliumi.

Mimi chef d'hygiène nikafanya yote niliyofundishwa. Kinini, maji yaliyochemshwa, dirisha wazi. Wapi!

Ikaja habari kwamba daktari atapita Jumatatu, na yule kijana akikutwa vile atarudishwa kwao. Walishuku kifua kikuu. Akirudishwa, nafasi yake inapewa mwingine, na ualimu ndiyo basi. Kwao alikuwa wa kwanza kabisa kukaa darasani. Nilimwonea huruma sana.

Jumamosi Mwalimu Ezekieli akaniita. Huyu ndiye alikuwa mkuu wa bweni, Muluba mwenzetu, Mmethodisti wa tai na viatu vya kung'aa. Alikuwa mkali mpaka na wewe huko ulipo ungekaa wima. Kiluba ukikiongea mbele yake, unafagia uwanja.

"Weye njo chef d'hygiène. Huyu mutoto iko na nini?"

Nikasema, "Mwalimu, jina yake ni Kabange."

Nilitegemea fagio.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Halafu akaniuliza kwa Kiluba, sauti ya chini kama tuko kwetu jikoni, Kyungu yuko wapi.

Nikamwambia yuko Mulongo, anavua.

"Na sisi wote tunajua, tunanyamaza," akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Enda."

Jumapili baada ya ibada tukaingia réfectoire. Mwalimu akaenda mwenyewe jikoni na viatu vyake vya kung'aa. Akatoka na sahani ya bukari, akaiweka kando ya sahani ya Kabange. Uma hakuweka.

Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Hii ni ya Kyungu." Akaomba baraka ya chakula kama kawaida, amina, akakaa.

Wakuu, Kabange alilia. Alilia huku ananawa mikono. Akamega kwenye sahani ya Kyungu, akamega kwenye yake, hivyo hivyo mpaka akachoka, akatuita sisi wa karibu tumalizie. Tukaacha uma zetu tukaingiza mikono. Kelele zikaanza mle ndani, watu wanacheka, mmoja anamnyang'anya mwenzake sombe. Mwalimu alikuwa anatazama dirishani.

Jumatatu daktari akamsikiliza kifua, akakuta safi, akasema abaki hadi atakaporudi.

Shati la Kyungu nalo lilipatikana. La Mwalimu mwenyewe, mkewe akalipunguza mikono. Likapanda treni hadi Bukama, kutoka hapo mtu akashuka nalo kwa mto Lualaba mpaka Mulongo.

Mvua za kwanza zilipoanza, kikaja kifurushi kutoka Mulongo. Ndani samaki wawili wakavu, wamefungwa pamoja kwa kamba ya majani. Kabange akamfungua mmoja, akamla akammaliza, na mifupa akafyonza. Wa pili akatugawia bweni zima.

Daktari aliporudi akamkuta amenenepa, akanisifu mimi! Eti gymnastique na kinini vimefanya kazi. Nikapewa mche wa sabuni. Niliupokea, ningefanyaje?

Kabange akawa mwalimu, akafundisha kwao Mulongo hadi kustaafu. Yeye na Kyungu wameshatangulia sasa, na Mwalimu Ezekieli zamani sana.

Kwa hiyo mjukuu alipomaliza kunisomea tangazo lake, nikamwambia ni zuri, maji ni mazuri, usingizi ni mzuri. Ila kuna kitu hamkuandika.

"Weye unakulaka na nani?"

Akatazama chini.

"Na telefone, Nkambo."

Nikanyanyuka mwenyewe, magoti haya haya, nikaenda jikoni kuleta sahani mbili.

Nilichojifunza ni hicho tu, wakuu. Mwanafunzi akikonda, msimuulize tu amekula nini. Muulizeni na jina lake, na aliyemwacha nyumbani.

Uwanja ni wenu, nileteeni na za kwenu. Ila kabla hujaandika chochote hapa chini, nijibu kwanza: leo umekula na nani?