Alama Nyekundu Kwenye Marobota

Harufu ya ngozi mbichi si sawa na ya nyama. Nyama ikioza hukufukuza papo hapo. Ngozi iliyopakwa chumvi na kuwambwa juani hunuka polepole, kama shuka la mgonjwa lililosahauliwa sandukuni, na ukiishi nayo mwaka mmoja unaacha kuisikia. Sisi tulioishi nyuma ya ghala la ngozi, pale Isiolo, upande unaotazama barabara ya Ngaremara, hatukuisikia kabisa. Wageni ndio waliotuambia kwamba tunanuka. Shuleni watoto wa makarani walikuwa wakihama dawati nikiketi, nami nilidhani ni kwa sababu ya Kiswahili changu kibovu. Tangu hapo nimekaa Moyale, Garissa, Nakuru na miji mingine mingi, na sasa niko Mombasa, na hakuna mji niliokaa zaidi ya miaka minne. Watu huniuliza ninatafuta nini. Sijui ninatafuta nini. Najua tu ilikuwa mwaka gani nilipoacha kutulia, maana ulikuwa mwaka wa ghala lile.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya. Wazee wetu wa Borana huiita Gaf Daba, wakati kila kitu kilipositishwa, na jina hilo linatosha. Barabara zilikuwa na vizuizi, mifugo ilichukuliwa kwa mamia ikapigwa risasi, na watu wa huko chini, kutoka Sericho hadi Merti, walikusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa miiba na seng'enge. Nyanya yangu alikuwa ndani ya kijiji kimoja cha Merti. Habari zilizotufikia kutoka huko zilikuwa za foleni ya maji, ng'ombe waliokufa wakiwa wamefungiwa zizini, na watoto wanaokohoa mpaka wananyamaza. Mtu wa kabila letu aliyetaka kubaki mjini alihitaji barua ya kazi. Ya kwetu ilikaa ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati, na Mama alilipangusa vumbi kopo hilo kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Alikuwa na sababu. Mdogo wangu Halake, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa na kifua kibovu, na Mama alikuwa amekwisha kusema mara moja, bila kulia: "Huyu akiingizwa kwenye ile miiba, hatoki."

Barua ilikuwa ya Aba, yaani baba yangu, Guyo. Alikulia nyuma ya ng'ombe, na ukame ulipowamaliza akaja mjini kuwamba ngozi za ng'ombe wa wengine. Alikuwa amesoma kidogo kwa padri mmoja, basi wenzake wa ghalani wakamfanya katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Mwenyekiti alikuwa Mutwiri, Mmeru aliyeshuka kutoka milimani, mtu mfupi mwenye sauti nene, ambaye shavu lake moja halikuwahi kukosa miraa. Walitaniana kutwa. "Guyo, wewe ukifa tutakuzika na ngamia, ndiyo ulale vizuri," Mutwiri alikuwa akisema, na Aba akamjibu, "Na wewe tutakufunga kwa majani ya mgomba kama kibunda, tukupeleke sokoni." Mimi nilikuwa na miaka tisa, na mzaha wao ulikuwa saa yangu, nikiusikia nje nilijua kazi imeisha.

Kabla sijajua herufi yoyote nilijua chapa ya ng'ombe wa ukoo wetu. Ndivyo tulivyolelewa. Aba aliichora mchangani kwa kidole, duara lenye mistari miwili inayoshuka chini kama miguu, akauliza, "Hii ya nani?" Nilitakiwa kujibu kabla hajainua kidole: "Yetu!" Ukisita ulichekwa na nyumba nzima, maana mtoto asiyejua chapa ya kwao akipotea na ndama, nani atamrudisha? Ng'ombe wenyewe walikuwa wamekwisha, wa kwetu. Wa binamu zetu wa Sericho walikuwa bado wapo, au tulidhani bado wapo. Lakini somo liliendelea, na mimi niliringa nalo kama mtoto mwingine anavyoringa na viatu.

Mwaka ule alikufa Lokwang, kijana wa Kiturkana kutoka Ngaremara, aliyebeba ngozi kwenye bega tupu. Alianza na kipele shingoni. Kikawa cheusi kama kaa la moto lililozimwa, uso ukavimba mpaka macho yakapotea, na siku ya tano hakuwapo. Kilikuwa kimeta, ugonjwa unaotoka kwenye ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe, na kila mtu ghalani aliujua. Wafanyakazi waliandika barua ya kuomba mambo matatu tu: glavu, mabuti, na ngozi za mizoga zikataliwe mlangoni. Meneja aliisoma akiwa amesimama. "Ngozi ni ngozi," akasema, na kabla ya saa sita mchana Aba na Mutwiri walikuwa nje ya lango. Kwa Mutwiri, kufukuzwa kulikuwa ni kupanda mlima arudi kwenye viazi vyake. Kwetu kulimaanisha lori la kwenda Merti. Barua ya kazi ilichukuliwa, tukapewa miezi mitatu. Mutwiri angeweza kuondoka siku ile ile, lakini hakuondoka. Alihamia kwa binamu yake mwenye kibanda cha chai sokoni, akasema hawezi kumwacha mtu wa ngamia peke yake mjini.

Mikutano ilikatazwa wakati ule, isipokuwa ya msiba. Basi wafanyakazi wakamlilia Lokwang. Walimlilia wiki ya kwanza, wakamlilia ya pili, kila Jumapili alasiri uani kwetu, Waislamu na Wakristo na wasio na dini, wamekaa kwa huzuni huku Aba akisoma barua kwa sauti ya sala. Askari aliyepita alisimama Jumapili ya tatu akatutazama. "Huyu mtu wenu hajamaliza kufa?" akauliza. Mutwiri akavua kofia. "Afande, alikuwa mrefu sana." Askari alicheka, akaenda zake, na Aba akaendelea kusoma pale alipoachia.

Barua aliyokuwa akiisoma siku hiyo ilitoka makao ya chama, Nairobi. Walikuwa wamezungumza na wafanyakazi wa bandari Mombasa, na hao nao wamewaandikia wenzao ng'ambo, watu wa viwanda vinavyogeuza ngozi zetu kuwa viatu. Wote wamekubali. Ngozi za ghala letu hazitapakiwa melini, na zikipakiwa na wengine, huko ziendako hazitaguswa, mpaka waliofukuzwa warudishwe na mambo matatu yatimizwe. Mama mmoja aliyekuwa akikwangua ngozi pale ghalani aliuliza, "Hao Wazungu wanatujua?" Aba akasema hawatujui. "Sasa wanatusaidia kwa nini?" Aba akafikiri. "Kimeta kinawashika na wao," akasema.

Lakini kulikuwa na shida moja. Marobota ya maghala mengi huchanganyika kwenye stesheni ya Nanyuki, na yote yanafanana. Barua ilitaka alama. Wenzao waliobaki ndani ya ghala wangeipaka kwenye kila robota wakati wa kufunga, kwa rangi ile nyekundu ya kuandikia uzito, na alama yenyewe ingetumwa Mombasa na ng'ambo ijulikane. Mutwiri alitaka herufi. Wengi hawakujua kuandika, wangekosea. Mwingine alitaka msalaba, Waislamu wakakunja uso. Mwishowe Aba aliinama, akachora mchangani kitu pekee ambacho maishani mwake kilimaanisha kwamba mali hii ina mwenyewe, usiiguse. Duara na miguu miwili. Wafugaji wote waliokuwapo waliitikia kwa kichwa, maana ilikuwa rahisi na mkono ulikuwa umeizoea. Hakuna aliyekumbuka kuuliza ni nani mwingine anayesoma chapa za ng'ombe. Mutwiri angeweza kuuliza, lakini Mutwiri alikuwa mtu wa viazi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mama yangu, na moyo ulinijaa. Chapa yetu itavuka bahari.

Lori la kwanza la marobota lilipita. Wiki mbili baadaye tukasikia kwamba marobota yamekaa kwenye gati Mombasa na hakuna mkono unaoyagusa. Mama alicheka siku ile, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu barua ya kazi ichukuliwe. Lori la pili lilisimamishwa kwenye kizuizi cha kutokea mjini. Kulikuwa na mfuatiliaji wa nyayo pale, mtu wa huko kwetu aliyefanya kazi na jeshi, na alikuwa ametoka Sericho ambako walikamata kundi la ng'ombe waliosemekana kuwa wa shifta. Aliitambua alama, maana ndiyo iliyokuwa kwenye ng'ombe wale. Marobota yakachanwa kwa visu, wakitafuta bunduki, na barabara ikajaa ngozi.

Kesho yake asubuhi Aba alikuwa ametoka kutafuta vibarua, na Mama alikuwa ameenda kisimani na Halake mgongoni. Ofisa alikuja na askari wawili. Alikuwa kijana, nadhifu, mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda chetu, akaniuliza jina, nikamwambia Darmi. Akaniuliza niko darasa la ngapi, nikamwambia. Nilikuwa nimefundishwa vizuri: usimwambie askari baba yuko wapi, usimwambie nani alikuja, usimwambie nani alikula kwetu. Niliyashika yote hayo. Kisha akainama, akachora vumbini kwa fimbo yake. "Hii nayo ya nani?" akauliza.

Nikajibu kabla hajainua fimbo.

Walimchukua Aba saa nane mchana, sokoni, mbele ya watu. Sikumwona wakimchukua. Mama aliposimuliwa na jirani kwamba ofisa alikuwa amekuja kwetu, alinitazama, na mimi nikamwambia nilichosema. Hakunipiga. Alikaa chini polepole kama mtu anayetua mzigo, akasema, "Si wewe. Ni sisi tuliokufundisha," na mpaka leo sijui kama maneno hayo yalikuwa ya kunifariji au ya kujilaumu.

Baada ya hapo ghala zima liliweka kazi chini. Ngozi ziliharibika juani, na zile za Mombasa ziliharibika gatini, na wafanyakazi wa bandari hawakuzigusa. Nyumba za jirani zilianza kupika uji mara moja kwa siku, kisha uji mwepesi. Hatimaye meneja alimwita Mutwiri na kumpa karatasi. Glavu, ndiyo. Mabuti, ndiyo. Mizoga itakataliwa. Mutwiri arudi kazini. Lakini Guyo hapana, wala barua kwa ajili ya familia yake, kwa kuwa yuko mikononi mwa serikali na hayo hayaingiliwi. Mutwiri alikataa kutia sahihi. Alikuja kwetu kumweleza Mama, akiwa amesimama mlangoni bila miraa shavuni, mara ya kwanza namwona hivyo. "Shemeji, siwezi. Nikisaini hii, nimekusaini wewe na watoto kwenye lori."

Mama alikuwa ananyonyesha. Halake alikoroma kifuani, ule mkoromo wake. "Watoto wa wenzako wamekula nini leo?" akauliza.

Mutwiri aligeuka akatazama nyumba za jirani.

"Wa Nyaguthii wamekula? Wa Ekal?"

"Tungoje kidogo, shemeji. Labda wiki moja. Watu wa Nairobi wanaandika barua kwa ajili ya Guyo, hata wa ng'ambo wanaandika."

"Waandike. Na wewe tia sahihi. Lokwang hakufa ili watoto wa watu walale njaa wakimngoja mume wangu." Kisha akamhamisha Halake titi la pili na kumgeuzia Mutwiri mgongo, na ndivyo alivyomruhusu aende. Mutwiri alilia hadharani, njia nzima mpaka langoni mwa ghala.

Tulipandishwa lori siku nne baadaye. Wanawake wa ghalani walisimama kando ya barabara wakiwa wamevaa glavu mpya, nyeusi, ndefu hadi kwenye viwiko, wakatupungia nazo. Halake hakumaliza miezi miwili Merti. Aba aliachiliwa baada ya mwaka na zaidi. Walisema barua za ng'ambo zilisaidia, nami naamini. Alirudi akiwa anatembea kwa uangalifu, kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Hakuniuliza kitu. Hakuchora tena kitu chochote mchangani, hata alipokuwa anawaelekeza wageni njia.

Sasa napika chai na mandazi karibu na lango la bandari. Siku hizi wafanyakazi wana simu, na habari ya mgomo huko Ulaya hufika hapa kabla chai haijapoa. Viongozi wao wana ofisi zenye feni. Hata hivyo nawasikia vijana wakisema mezani, "Hao wa bara shida zao zinatuhusu nini?" na mimi huwapa bili tu. Juzi aliketi mzee mmoja mstaafu, kuli wa zamani. Aliposikia natoka Isiolo aliweka kikombe chini. Akasema waliwahi kukataa ngozi za huko, enzi za vita. Walisimamishwa kazi wiki nzima kwa ajili hiyo, na nyumbani mkewe alimwita mjinga, kufunga njaa kwa ajili ya watu asiowajua. "Hatukuambiwa iliishaje," akasema. "Nimekuwa nikijiuliza. Ilisaidia, binti yangu, au tulijisumbua bure?"

Nilikuwa na birika mkononi. Nilimwambia ilisaidia. Nilimwambia watu walipata glavu na mabuti, na baada ya Lokwang hakuna mwingine wa ghala lile niliyesikia amekufa kwa kimeta. Mzee alifunga macho, akasema alhamdulillahi mara tatu, kisha akacheka peke yake, labda akimcheka mkewe. Nilimmiminia kikombe kingine. Ya Halake sikumwambia. Mzee aliwafungia njaa watu wa ghalani, na watu wa ghalani walipona. Hilo lilikuwa lake la kwenda nalo nyumbani. Lililobaki ni la kwetu.