Nyanya Alipomwomba Mungu Atusahau

Nyanya yangu mzaa baba alikuwa akimwomba Mungu atusahau. Kila asubuhi, kabla majembe hayajatoka, alitupigisha magoti uani kwetu Merikit, upande wa Uganda, umande ukitulowesha nguo, kisha akafumba macho na kusema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Baba, tusahau sisi. Sahau kabisa." Alikusudia "tusamehe". Maneno hayo mawili yalikuwa yamemgongana kinywani tangu alipobatizwa, na sisi wajukuu tulibana vicheko mpaka mbavu zikauma. Leo ningetoa chochote niisikie tena sala ile mbovu.

Utauliza kwa nini mwanamke wa Kipadhola asali kwa Kiswahili nyumbani kwake. Ni kwa ajili ya mama. Mama alikuwa Msamia wa ng'ambo, upande wa Kenya, na alipoletwa kwetu bibi harusi hakujua neno hata moja la Kipadhola. Nyanya naye Kisamia hakukijua. Kiswahili walichookota sokoni Busia ndicho walichopikia na kulimia pamoja. Nyanya akaona kuzungumza na Mungu mbele ya mkwe kwa lugha asiyoielewa ni sawa na kumsengenya, basi sala yote ikahamia kwenye Kiswahili.

Siku moja mwalimu wa kanisa alijaribu kumrekebisha. Akamwambia kwa adabu, "Mama, sema utusamehe. Ukisema utusahau, unaomba atutupe."

Nyanya akamsogezea uji. "Mwalimu, mimi nasamehe watu, lakini nakumbuka yote. Sasa Mungu naye akiwa hivyo, si yeye ni kama mimi tu? Mimi nataka ile inasahau."

Mwalimu alicheka, akamaliza uji wake, akaenda zake. Hakuligusa tena jambo hilo.

Na kwa kuwa huyo ndiye Mungu aliyemjua, nyanya alijilazimisha kufanana naye. Jirani yetu mmoja aliwahi kuachia ng'ombe wake wakatumalizia mtama. Msimu uliofuata akaja, bila haya, kuomba mbegu za karanga. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Huyu si ndiye wa ng'ombe?" Nyanya akanigeukia. "Ng'ombe gani?" Na huyo ni mwanamke aliyekumbuka kila mgomba aliupanda mwaka gani na mvua ilinyesha vipi siku hiyo. Iliniudhi sana. Mimi ni mtu wa kuweka mambo moyoni, sifichi, na wakati ule niliona anajifanya tu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ilikuwa kazi, tena ngumu, kama kupalilia. Unang'oa gugu leo, kesho limeota tena.

Nilipokuwa na miaka tisa, bendera ya uhuru ikiwa bado mpya, mama alidandia lori la pamba kwenda Busia kununua chumvi. Hakurudi siku hiyo wala mwezi huo. Walikuwa wamekosana na baba; undani wake sikuujua, na hata leo sijui yote. Baba alikuwa kibaruani Tororo mjini na kwetu alipita tu. Mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Kisimani wanawake waliniuliza, "Hiyo chumvi mama yako anaichimba mwenyewe?" Walicheka, nami nilirudi nyumbani na mtungi nusu kwa haraka ya kuwakimbia.

Nyanya aliendelea kusali kwa Kiswahili. Nikamwuliza kwa hasira kwa nini tusirudie lugha yetu, kwani nani hapa haielewi? Akanijibu, "Mama yako akirudi akute tumebadilisha sala, si ataona tumemfungia mlango?"

Alirudi baada ya miaka miwili, saa za mchana, nyanya akiwa ameanika muhogo uani. Mama alipiga magoti huko huko njiani, asithubutu kuingia. Nyanya akainua kichwa. "Mwanangu, umefika? Kuja saidia mimi na hii muhogo, mvua nakuja." Basi, hayo tu. Mama akaja, akaanza kuzoa muhogo huku machozi yakimtiririka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni. Aliniita jina langu. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Siku tisa sikumsemesha. Chakula alichopika sikukigusa mpaka nyanya akipakue yeye. Nyanya hakunilazimisha, wala hakunikemea. Nilijiambia kusahau ni kwake, mimi yangu nayashika.

Baada ya sala yake nyanya alitupa sisi wajukuu zamu za kusali, na siku ya kumi yangu ikafika. Nilifumba macho nikasali kwa Kipadhola, makusudi, mama asielewe. Nilimshtaki. Nilimwambia Mungu kwamba mwanamke huyu alitutupa, kwamba mdogo wangu alipougua surua alimwita siku tatu mpaka sauti ikamkauka, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni nikimdanganya kwamba mama yuko njiani. Nikamalizia, "Mungu, wengine wasahau. Wewe ukumbuke."

Nyanya akasema amina, halafu akamgeukia mama na kumtafsiria: "Mtoto anasema, asante Mungu, mama yangu narudi."

Nilimkodolea macho. Nyanya, aliyetuchapa kwa uongo mdogo kuliko huo, alikuwa amedanganya mchana kweupe, tena akiwa bado kwenye magoti.

Mama hakuinua uso. Alijibu polepole, kwa Kipadhola, kwa lafudhi nzito ya Kisamia. "Nimesikia yote. Habari ya surua sikuijua. Ilikuwa mwezi gani?"

Alikuwa ameishi kwetu miaka kumi. Angewezaje asijue? Ila hakuwahi kuisema lugha yetu mbele yangu, nami kwa akili zangu za kitoto nikadhani haijui. Damu ilinipanda usoni kwa aibu. Nyanya aliinuka, akachukua jembe lake na kumshika mdogo wangu mkono, wakaelekea shamba.

Nikasema, "Mama." Kisha nikamwambia: ilikuwa mwezi wa kupalilia pamba, vipele vilianzia nyuma ya masikio, kitu cha pekee alichokubali kula kilikuwa ndizi ya kupondwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza, akaniomba nianze tena, nisiache kitu.