Swali Lililoulizwa Lamu

Kwa miaka ishirini na minane Ephantus Macharia alifundisha historia ya Marekani katika chuo kimoja mjini Thika, na Marekani kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Viza alinyimwa mara mbili. Wanafunzi walimwita Misisipi, naye akicheka nao.

Mwaka aliostaafu akapata habari njema: wasomi wa mambo ya Marekani wangekutana katika mji mkongwe wa Lamu, na makala yake ilikuwa imekubaliwa. Ilihusu watu weusi waliotoka utumwani, wakaahidiwa mashamba, wakangoja, wasipewe.

Siku nne kabla ya safari alianguka bafuni. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, ulimi nao ukafa.

Nyawira, aliyekuwa mwanafunzi wake, ndiye aliyeenda kumsomea. Asubuhi hiyo alipiga simu ya video, na huko nyumbani Ngoingwa Dianah, mke wa Ephantus, akamshikia mumewe simu mbele ya uso.

Nyawira alisoma vizuri. Alipomaliza, profesa mmoja wa kike, Mmarekani mwenye mvi, akainua mkono.

"Mwandishi anasema hawakuacha kungoja hata walipozeeka. Amejuaje?"

Ephantus alijua. Mama yake alichuma kahawa kule Theta katika shamba la mzungu, akaambiwa uhuru ukija atapata ekari mbili. Kila mvua zilipokaribia alitenga mbegu za maharagwe za kupanda kwenye ekari hizo, hadi alipofia kwenye chumba cha kupanga Makongeni. Ephantus hakuyaandika hayo. Aliamini msomi hamwingizi mamake kwenye makala.

Akafungua mdomo. "Ma," akasema. "Ma... ma..."

"Maji, Baba Shiko?" Dianah akauliza. Akaiweka simu mezani, akakimbilia jikoni.

Ephantus akabaki anasikia tu. "Samahani, hilo sijui," ilisema sauti ya Nyawira. "Mwalimu mwenyewe ndiye angekujibu." Watu wakapiga makofi, mwenyekiti akamwita msomaji mwingine.

Dianah aliporudi alimkuta analia. "Si wamekupigia makofi!" alisema, akampangusa kwa kanga. "Lia tu, ni furaha." Akamnywesha maji kidogo kidogo, naye akayanywa, kwa kuwa hakuwa na njia ya kuyakataa.

Aliishi miezi saba zaidi. Jumapili baada ya kanisa Nyawira alikuwa akija kumzoeza kutamka, na siku moja alimuuliza, "Mwalimu, yule profesa wa Lamu bado ananiandikia akiuliza lile swali. Ulijuaje?"

Ephantus akakaza shingo, jasho likamtoka. Neno likatoka zima, mara ya kwanza tangu aanguke.

"Mama."

Nyawira akaruka kwa furaha. Dianah, aliyekuwa akianua nguo nje, akaacha kila kitu na kuingia mbio.

"Naam, Baba Shiko," akaitika. "Niko hapa."