Nilijenga Kaburi Tupu Ili Barabara Isipite

Nimekosa, na sina wa kumsukumia kosa hili. Sikupelekwa shule, anayeandika ni mjukuu wangu, nami nimemkataza kulainisha neno langu lolote.

Arua ilipopanuka ikatufikia, wakuu wa mji walikuja kuomba njia ipite pembeni mwa shamba langu, ituunganishe na barabara kuu. Waliomba ukanda mwembamba tu. Nikakataa! Nilijua kwamba kwetu hakuna anayethubutu kupitisha barabara juu ya kaburi. Nikamwita fundi, akajenga kaburi la saruji palepale, ndani hamna kitu. Nikatangaza kuwa nimeleta mifupa ya shemeji yangu aliyefia Kuluba.

Jirani yangu alicheka. "Mama, huyu mutu tulimulilia lini? Mbona chakula ya matanga hatukuona?"

"Wewe iko na tumbo tu!" nikamjibu, nikampa kisogo.

Njia ikafutwa. Watu wakazidi kununua viwanja na kujenga, kila mmoja akizungusha ukuta wake, mpaka tukabakiwa na kichochoro kinachopitia mbali, bondeni.

Baadaye mwanangu alioa binti kutoka Koboko. Msimu wa mvua, mkamwana wangu huyo akashikwa na uchungu. Gari halikuweza kuingia. Boda ikakwama matopeni, wakambeba mikononi. Walipofika hospitali, mtoto alikuwa amekwisha kufa. Ole wangu! Nami nilikuwa nimesimama kando ya lile kaburi, nikizisikia honi za barabara kuu.

Mkamwana alipopata nguvu, aliendelea kulifagia kaburi lile, kama alivyofanya tangu aolewe, kwa kumheshimu mkubwa wa nyumba. Nilimtazama, nikanyamaza! Aibu hiyo imenila kuliko ile ya kwanza.

Jumapili moja nilimweleza yote. Akaweka ufagio chini. "Mama, sasa mimi nilikuwa nafagilia nani?"

Tangu siku hiyo ananisalimu akitazama chini.

Kaburi nimelibomoa. Lakini ng'ambo yake sasa kuna nyumba za watu, na watoto wao wanalala humo.

Wazee wenzangu wa Adumi na Logiri, mji unakuja kwenu. Mkiombwa njia, itoeni kungali na nafasi. Mimi nimeitoa leo, nayo inaishia ukutani.